Jenereta juu, pampu chini: namna kimbunga kinavyozima huduma za biashara

Jumatatu ya tarehe 29 Oktoba 2012, majira ya saa mbili usiku, kimbunga Sandy kiliingia nchi kavu karibu na Brigantine, pwani ya New Jersey. Kwa kipimo cha upepo hakikuwa cha kutisha. Muda mfupi kabla ya hapo wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani walikuwa wameshakivua hata hadhi ya kimbunga cha kitropiki. Lakini mwezi ulikuwa mpevu, bahari iko kwenye bamvua, na maji yalikuwa yanajaa saa ileile dhoruba inapoyasukuma. Ncha ya kusini ya Manhattan ikapata maji ya karibu mita 4.3 juu ya kiwango cha kupwa. Rekodi ya awali, ya kimbunga Donna cha mwaka 1960, ilikuwa mita 3 na ushei.

Kwenye jengo namba 75 la Broad Street, kampuni ya Peer 1 ilikuwa na kituo cha data ghorofa ya 17. Huko juu hapakufika hata tone la bahari. Seva zilikuwa kavu na jenereta ilikuwa kavu. Ila tangi kubwa la dizeli na pampu za kuipandisha vilikuwa chini ya ardhi, na huko ndiko maji yalikoingia. Umeme wa jiji nao ulikuwa umekwenda, baada ya kituo cha kupozea umeme cha Con Edison, kampuni ya umeme ya New York, pale East 13th Street kufurika na kulipuka. Jenereta ikabaki na dizeli ya saa chache. Ndipo wafanyakazi wa Peer 1, wakisaidiana na watu wa Squarespace na Fog Creek Software waliokuwa wateja wa kituo hicho, walipojipanga kwenye ngazi na kuanza kupandisha dizeli kwa ndoo, ghorofa 17, gizani.

Mitaa michache kutoka hapo, 33 Whitehall Street, hapakuwa na ndoo za kuokoa hali. Maji yaliingia chini ya jengo lililokuwa na kituo cha Datagram, kampuni iliyohifadhi tovuti za wengine, na tovuti za Huffington Post, Gawker na BuzzFeed zikatoweka usiku uleule ambao wasomaji walizihitaji.

Kisa cha ndoo kinapendwa kwa ushujaa wake. Mimi nakipenda kwa sababu kinaonyesha kosa linakaa wapi. Hakuna mjinga aliyeziweka zile pampu chini. Kanuni za zimamoto za New York zinaweka ukomo wa dizeli inayoweza kukaa ghorofani kwenye jengo lenye watu, kwa hiyo tangi kubwa hukaa chini. Na tangi likiwa chini, pampu nayo inalifuata. Kila uamuzi ulikuwa na mantiki yake. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kufuata uzi wote, kuanzia ukurasa anaouona mteja hadi bomba la mwisho, akiuliza kila hatua: na hiki nacho kinategemea nini? Anayeandaa biashara yake kwa kimbunga, kazi yake kubwa ndiyo hiyo. Kununua vifaa kunakuja baadaye.

Upepo una namba, maji hayana

Namba tunayotajiwa kwenye taarifa ya habari, daraja la 1 hadi la 5, inapima upepo peke yake. Daraja la 1 linaanzia kilomita 119 kwa saa, la 5 linaanzia 252. Haisemi lolote kuhusu mvua wala bahari kupanda, ilhali kompyuta nyingi hufa kwa maji. Harvey kiliingia Texas tarehe 25 Agosti 2017 kikiwa daraja la 4, lakini kilichoizamisha Houston ni mvua ya siku zilizofuata, upepo ukiwa umeshapungua. Mji wa Nederland, hukohuko Texas, ulipima zaidi ya milimita 1,500. Mwenye ofisi Houston aliyeshusha pumzi aliposikia kimbunga kimeshushwa daraja aliishusha mapema mno.

Ramani yenye umbo la koni nayo inawapotosha wengi. Koni ile inaonyesha mahali kitovu cha kimbunga kinapoweza kupita, na hata hapo kitovu hubaki ndani yake takriban mara mbili kati ya tatu tu. Haionyeshi ukubwa wa dhoruba wala mvua itakayoangukia wapi. Ofisi iliyo nje ya koni inaweza kulowa vilevile.

Halafu kuna wale wanaodhani kuwa mbali na bahari kunatosha. Helene kiliingia Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024. Siku ya pili yake mito ikaifurikia Asheville, mji wa milimani huko North Carolina, mamia ya kilomita kutoka pwani ile. Asheville ndiko kulikokuwa na NCEI, kituo cha serikali ya Marekani cha kumbukumbu za hali ya hewa, chenye mojawapo ya hifadhi kubwa kabisa duniani za data hizo. Huduma zake zilikatika. Data yenyewe ilikuwa salama na jengo halikusombwa. Kilichokufa ni mtandao wa mtoa huduma pamoja na maji ya bomba ya mji, ambayo mfumo wa kupoza seva uliyategemea. Maji salama ya kunywa yalirudi Asheville katikati ya Novemba. Taasisi inayotunza historia ya vimbunga ilizimwa na bomba la manispaa.

Dizeli, barabara na watu

Sipendi orodha za maandalizi zinazoanza na "nunua jenereta". Ukishainunua ndipo maswali yanapoanza. Tangi liko wapi, na linatosha saa ngapi mzigo wote ukiwashwa? Dizeli iliyokaa humo miaka miwili huenda imeshaingia maji na kuota vijidudu vinavyoziba chujio. Nani aliiangalia mara ya mwisho? Mwenye lori la mafuta ana mkataba na nani mwingine? Kimbunga kikipita, hospitali, polisi na minara ya simu wote wanampigia mtu huyohuyo, na duka lako la mtandaoni litakuwa mwisho wa foleni hata kama mkataba umeandikwa "saa 24". Jenereta inayoungurumishwa dakika 10 kila Jumamosi bila mzigo bado haijajaribiwa. Kata umeme wa jengo zima siku ya kazi, wafanyakazi wakiwa wamejulishwa, uone nini kinazimika. Aghalabu utakuta swichi moja ya mtandao iliyochomekwa kwenye soketi ya kawaida, nje ya mfumo wa dharura, na hiyo moja inaangusha ofisi nzima.

Hospitali ya NYU Langone, usiku uleule wa Sandy, ilikuwa na jenereta juu na mfumo wa kuzilisha mafuta chini. Maji yalipoingia, mfumo ukazimika. Wagonjwa zaidi ya 300 walihamishwa, watoto wachanga wa chumba cha uangalizi maalumu wakishushwa kwa ngazi mikononi mwa wauguzi. Hiyo ilikuwa taasisi kubwa, yenye fedha na wahandisi.

Jambo ambalo mipango mingi hulipitia juujuu ni watu. Wakati wa Harvey vituo vya data vya Houston kwa sehemu kubwa viliendelea kufanya kazi. Shida ilikuwa barabara. Waliojiandaa waliingiza mafundi ndani kabla ya mvua, na vitanda na chakula chao, kwa kuwa zamu ya pili isingeweza kufika. New Orleans mwaka 2005, baada ya Katrina, kampuni ya DirectNIC, inayosajili majina ya tovuti, iliendelea kuhudumia wateja kutoka jengo la 650 Poydras Street kwa sababu kikundi kidogo cha wafanyakazi kilikataa kuondoka, kikiishi humo na jenereta huku asilimia 80 ya mji ikiwa majini.

Nawaheshimu, lakini nisingeuandika ushujaa huo kwenye mpango wa biashara yoyote. Fundi wako wa mitandao ana mama mzee nyumbani na nyumba yenye bati lililolegea. Mpango unaomtaka achague kati ya seva na familia yake utavunjika saa ileile unapohitajika, na ni haki uvunjike. Afadhali huduma ihame siku mbili kabla, iende kwenye mji ambao hauko njiani, ili watu wawe huru kuondoka. Kuna na jambo dogo linalosaidia kuliko semina nyingi: lipa mishahara mapema. Mtu mwenye fedha mkononi ananunua mafuta, anahamisha watoto, kisha anapokea simu yako.

Mikataba miwili, mtaro mmoja

Kuhusu intaneti, ushauri wa kawaida ni kuwa na watoa huduma wawili. Ni ushauri mzuri usipoishia kwenye mkataba. Kampuni mbili zenye nembo tofauti zinaweza kupitisha nyaya zao kwenye mtaro mmoja, chini ya daraja moja, hadi kwenye jengo moja la kubadilishia mawasiliano. Manhattan ya kusini jengo hilo kwa wengi lilikuwa la kampuni ya simu ya Verizon, 140 West Street. Sandy ilijaza orofa zake za chini ya ardhi, nyaya za shaba zikaharibika kiasi kwamba Verizon iliona heri kuweka nyuzi za kioo badala ya kuzifufua.

Afrika Mashariki tulipata somo hilohilo bila tone la mvua. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Malawi. Benki na kampuni zilizokuwa zimelipia "njia mbili" ziligundua kwamba njia zote mbili zilipita sakafu ileile ya bahari. Swali la kumuuliza mtoa huduma ni hili: nionyeshe kwenye ramani, waya wako unapita wapi kutoka mlangoni kwangu hadi unapotoka mjini? Akishindwa kukuonyesha, chukulia kwamba unapita walikopita wengine.

Simu za mkononi nazo zisikupe kiburi. Mnara una betri za saa chache, na baada ya hapo unategemea jenereta ndogo na gari la kuijaza. Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, zaidi ya asilimia 95 ya minara ilikuwa kimya siku iliyofuata, na umeme ulichukua karibu miezi 11 kurudi kwa wote. Mashine za kadi zikawa mapambo. Duka lililokuwa na fedha taslimu, chenji ya kutosha na daftari la risiti liliuza. Lenye mfumo wa kisasa bila daftari lilifunga milango likiwa na bidhaa ndani. Siku hizi vifaa vya intaneti ya setilaiti vimepunguza makali, na baada ya Helene vilisaidia sana milimani North Carolina. Hata hivyo kifaa hicho kinataka umeme, na kinataka kufungwa na kujaribiwa kabla. Kukitoa kwenye boksi wakati mvua inanyesha na kugundua kinahitaji kusajiliwa mtandaoni ni mzaha mchungu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza kama vimbunga vinamhusu. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujisokota, ndiyo maana pwani yetu hupona mara nyingi. Mara nyingi, lakini siyo zote. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, na Pemba iliyonusurika ndiyo ikawa ngome ya karafuu baadaye. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimedhoofika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikiwa imeshatoa tahadhari na boti za Zanzibar zimesimamishwa. Upepo haukufanya makubwa. Mvua ndiyo iliyoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi kule Somanga, Kilwa. Ukiwa na tawi Lindi au Mtwara, basi dizeli yako, fundi wako na kipuri chako vyote vilikuwa upande wa pili wa Somanga. Kwa mwenzetu wa Beira hali ilikuwa mbaya zaidi: Idai kilipopita Machi 2019, mji mzima ulipoteza mawasiliano kwa siku kadhaa.

Data: maswali mawili kabla ya chelezo

Hapa ndipo watu wengi huanzia, nami nimepachelewesha makusudi, kwa sababu kunakili data, yaani kuweka chelezo, ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kujua unachokinakili na kwa nini ndiko kugumu.

Jiulize kwanza: nikirudishwa nyuma, naweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? Pili: naweza kukaa bila huduma hii muda gani kabla ya wateja kunihama au sheria kunibana? Majibu hayafanani kwa kila kitu. Mfumo wa oda wa duka la jumla hauvumilii kupoteza hata saa moja, maana hakuna atakayekumbuka nani aliagiza nini. Lakini duka lenyewe linaweza kufunga siku tatu na wateja wakaelewa, kwani nao wako gizani. Tovuti ya kampuni ni kinyume chake: haina kipya tangu mwezi uliopita, nakala ya wiki jana inatosha, ila ikizimika siku ya kimbunga wateja watadhani umekufa. Picha za matangazo ya mwaka juzi hazina haraka yoyote. Ukishapanga hivyo, fedha zinajua ziende wapi. Asiyepanga hulipia ulinzi uleule kwa kila faili, kisha akishindwa na bili anaondoa ulinzi kwa vyote.

Mafundi wana kanuni ya nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali. Utata uko kwenye neno la mwisho. Wakati wa Katrina, mwenye ofisi ya New Orleans aliyeweka diski yake kwenye kasha la benki mtaa wa pili alikuwa na nakala kwenye mafuriko yaleyale, au nakala kavu ndani ya mji uliofungwa. Umbali upimwe kwa hatari: je, kimbunga kimoja, mto mmoja au gridi moja ya umeme inaweza kugusa nakala zote mbili? Ikiweza, una nakala moja.

Jambo jingine linalochanganywa ni chelezo na seva pacha. Seva pacha hupokea kila badiliko papo hapo, na hiyo ni raha pale seva ya kwanza inapozama. Lakini umeme ukikatika ghafla na hifadhidata ikaharibika, uharibifu nao unaweza kufika kwa pacha papo hapo. Chelezo ni picha ya jana isiyoguswa na makosa ya leo. Biashara yenye oda za kila dakika inahitaji vyote viwili.

Na kujaribu. Soko la hisa la New York lilikuwa na mpango wa kuendesha biashara kwa kompyuta pekee bila mtu ukumbini. Sandy ilipokaribia, mpango ukawekwa kando, kwani makampuni yalihofia usalama wa watu wao na hayakuwa na imani na utaratibu ambao hayakuwa yameujaribu vya kutosha. Soko likafunga siku mbili mfululizo kwa sababu ya hali ya hewa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1888. Kwa ofisi ndogo jaribio halihitaji makubwa: chukua kompyuta tupu, mpe mfanyakazi asiye fundi maelekezo yaliyoandikwa, umwambie arudishe vitabu vya hesabu vya mwezi uliopita. Mahali atakapokwama ndipo penye kazi.

"Sisi tuko kwenye wingu," wengi hunijibu. Vizuri, na kwa kimbunga ni bora kuliko seva ya uvunguni. Sasa ingia. Neno la siri limehifadhiwa kwenye kompyuta ya mhasibu, ambayo iko ofisini chini ya maji. Msimbo wa uthibitisho unatumwa kwa SMS kwenye simu ya meneja, na mtandao wa simu umekufa. Barua pepe ya kurejeshea akaunti inapita kwenye seva yenu wenyewe, ile iliyozimwa jana. Data ipo, nzima, na mwenyewe amefungiwa nje kama aliyesahau funguo ndani. Chapisha misimbo ya dharura kwenye karatasi, watu wawili wa miji tofauti wawe nayo, na anwani ya kurejeshea akaunti iwe nje ya kampuni. Angalia pia kilicho kwenye wingu kweli. Mara nyingi mfumo wa mauzo uko huko, lakini faili la Excel la bei za wasambazaji, ambalo ndilo biashara yenyewe, liko kwenye skrini ya mtu mmoja.

Tahadhari inapotoka

Msimu wa Atlantiki ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kazi nzito inatakiwa iwe imekwisha kabla yake. Bima hasa. Marekani bima ya kawaida ya mali hailipi mafuriko, na ile ya mpango wa serikali huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Ukiikimbilia kimbunga kikiwa kwenye televisheni umechelewa. Soma pia kipengele cha hasara ya kusimama biashara. Mara nyingi kinalipa kama jengo lako limeharibika, siyo kama jengo ni zima na umeme ndio umekosekana kwa wiki mbili, mpaka uwe umenunua nyongeza. Kwa ndugu zetu wanaoendesha maduka, saluni na ofisi za kodi Houston au Florida, nadhani kipengele hicho kimoja kina thamani kuliko diski tano.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa angalizo takriban saa 48 kabla ya upepo wa dhoruba kufika, na tahadhari saa 36 kabla. Zinaonekana nyingi. Toa usiku mmoja, foleni ya mafuta, shule kufungwa na nusu ya wafanyakazi kuondoka, ubaki na alasiri moja. Kwa hiyo angalizo ndiyo saa ya kuamua, na aliyepewa mamlaka ya kuamua awe ameandikwa jina, pamoja na wa pili wake. Nimeona ofisi ambapo kila mtu anajua la kufanya na hakuna anayeruhusiwa kulianza.

Kwenye alasiri hiyo, chelezo la mwisho linachukuliwa na kuhakikiwa. Kama tovuti itahamia seva nyingine, zile rekodi zinazoelekeza jina lenu kwenye seva zipunguziwe muda wa kukumbukwa, kutoka saa 24 hadi dakika 5. Bila hivyo wateja wengine watapelekwa kwenye seva iliyozama kwa siku nzima baada ya kuhama. Namba za simu za wafanyakazi, wasambazaji, bima na fundi zichapishwe. Vifaa vipigwe picha na namba zake zionekane, kwa ajili ya madai.

Kisha zima, kama hutahitaji kuendesha chochote pale ofisini. Watu husita kuzima kwa kudhani ni kushindwa, lakini seva iliyozimwa kwa utaratibu na kulowa ina nafuu kubwa kuliko iliyolowa ikiwa na umeme. Programu kwanza, halafu hifadhidata, halafu seva, halafu diski za pamoja, vifaa vya mtandao mwisho. Chomoa kwenye ukuta, kwa kuwa umeme unaporudi baada ya dhoruba huja kwa mishtuko. Pandisha kila kitu kutoka sakafuni, mbali na madirisha, ufunike kwa nailoni. Kama paa linatia shaka kuliko sakafu, chagua chumba cha katikati.

Baada ya maji kupungua

Hasara nyingi hutokea siku hii, kwa haraka. Kompyuta iliyopitiwa na maji ya bahari isiwashwe "kuona kama inafanya kazi". Chumvi ikikutana na umeme inamaliza kilichosalia. Kama diski hiyo ndiyo pekee yenye data, usiianike juani wala usiipulizie kikausha nywele. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa bado na unyevu na uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data, kwani matope yakikaukia juu ya sahani za ndani ni magumu kuyatoa. Kabla ya kuwasha vilivyo kavu, umeme wa jengo ukaguliwe, kisha uwashe kwa mpangilio uliogeuzwa, ukianza na mtandao.

Kuna mtego ambao haumo kwenye mipango mingi. Kwa siku kadhaa biashara imekuwa ikiendeshwa kutoka mahali pawili au patatu: mfumo uliohamishiwa mji mwingine, daftari la risiti la dukani, na oda za WhatsApp kwenye simu ya mtu. Seva ya zamani ikiwashwa inaamka ikiamini bado ni ile siku iliyozimwa. Ikiruhusiwa kupokea oda papo hapo, utakuwa na vitabu viwili vinavyopingana, namba za ankara zinazojirudia na bidhaa zilizouzwa mara mbili. Iwashe ikiwa imetengwa na wateja. Ingiza kwanza yote yaliyotokea nje yake, risiti kwa risiti, mtu mmoja akisoma na mwingine akiingiza. Linganisha jumla ya fedha na jumla ya bidhaa, na hapo tu ndipo uirudishie kazi. Ule mfumo wa muda usiufute; uache ukiwa umefungwa hadi hesabu za mwezi zikamilike na mkaguzi wa bima awe ameshapita.